Umebadilisha inteki manifodi: mipira ya kupumulia ya injini uipitishe wapi?

Manifodi mpya, ile inayogawia silinda hewa, imeshakaa, gasketi imebana, injekta zimerudi mahali pake, na mkononi umebaki na mipira miwili usiyojua uichomeke wapi. Manifodi ya zamani ilikuwa na chuchu mbili nyuma, yaani vibomba vya kuchomekea mpira. Hii ina moja pembeni, au haina kabisa. Mpira wa kutoka tapeti kava, ule mfuniko wa juu wa injini, haufiki tena. Ukiuliza, fundi mmoja atakwambia rudisha kama kiwandani, wa pili atakwambia funga kopo la kunasia oili, na wa tatu atakwambia ziba kila kitu, weka kichujio kidogo juu ya tapeti kava, mambo yaishe. Kila mmoja ana injini ambayo jibu lake linaifaa. Kazi ni kujua kama injini hiyo ni yako.

Kwanza, mipira hiyo inafanya nini

Hakuna ringi ya pistoni inayoziba moja kwa moja. Kila silinda inapochoma, gesi kidogo hupenya pembeni mwa pistoni na kushukia kwenye chumba cha krenki chini ya injini, ikiwa na mafuta yasiyoungua, mvuke wa maji na tindikali. Isipotolewa, presha hupanda na kutafuta pa kutokea: oili sili ya krenki, gasketi ya tapeti kava, au kijiti cha kupimia oili kinasukumwa mpaka kichomoke. Inayobaki ndani huchanganyika na oili na kuigeuza tope.

Zamani gesi hizo zilimwagwa barabarani kwa bomba lililoning'inia chini ya injini. Kwenye magari yale ya zamani yasiyo na udhibiti wowote, takriban asilimia 20 ya haidrokaboni zote zilitokea hapo, si kwenye ekzosi. Magari mapya ya California yakaanza kufungwa mfumo wa kuzirudisha kwenye injini mwaka 1961, na kufikia 1963 watengenezaji wakaueneza Marekani nzima. Ndio mfumo wa PCV (Positive Crankcase Ventilation, yaani kupumulisha chumba cha krenki) tunaoujua leo.

Una ncha mbili, na hapa ndipo wengi wanapopotea. Ncha ya kwanza inavuta: mpira mwembamba unaotoka kwenye valvu ya PCV kwenda kwenye manifodi, baada ya throto (kipepeo kinachopima hewa inayoingia), ambako injini inanyonya kwa nguvu. Ncha ya pili inaingiza: mpira mnene zaidi unaoleta hewa safi kutoka bomba la hewa, kabla ya throto, hadi upande mwingine wa injini. Hewa safi inaingia huku, inafagia chumba cha krenki, inatokea kule. Ukikanyaga mafuta mpaka mwisho, mvuto kwenye manifodi unakaribia kuisha na gesi zinazopenya zinaongezeka, kwa hiyo ncha ya pili hugeuza mwelekeo na kuanza kutoa. Ndiyo maana bomba la hewa huwa na oili kidogo karibu na throto hata kwenye injini nzima. Si ugonjwa.

Valvu ya PCV si tundu tu. Ndani ina springi na kibati kinachocheza. Mzunguko ukiwa wa chini, yaani injini ikiunguruma bila kukanyagwa, mvuto ni mkali, kibati kinavutwa na kupunguza njia. Kwenye mwendo wa kawaida kinafunguka zaidi. Injini ikirudisha moto kwenye manifodi, kinajifunga. Ukiing'oa na kuweka mpira mtupu, umeifungulia injini dirisha la kunyonya hewa na oili bila kipimo.

Vigezo vya kulinganisha

Nitapima kila njia kwa mambo haya: presha na mvuto ndani ya chumba cha krenki, hewa na hesabu za kompyuta au kabureta, oili inaishia wapi, matunzo na sheria, na mwishoni inamfaa nani. Gharama nimeiacha makusudi, kwa sababu tofauti ya bei kati ya njia hizi ni ndogo kuliko bei ya kung'oa giaboksi ili ubadilishe oili sili ya nyuma.

Kabla ya yote, iangalie chuchu ya manifodi

Manifodi mpya ndiyo itakayoamua nusu ya jambo hili. Chuchu ya PCV inatakiwa iwe baada ya kipepeo cha throto na katikati ya tumbo la manifodi, pale hewa inapokusanyika kabla ya kugawanyika, ili kila silinda ipate sehemu yake. Chuchu iliyotobolewa kwenye koo la silinda moja ni mtego: silinda hiyo peke yake inapokea hewa ya ziada na oili yote. Mchanganyiko wake unakuwa mwepesi (hewa nyingi, mafuta kidogo), plagi yake inachafuka kabla ya nyingine, na oili ikiingia kwa wingi inaweza kuanza kugonga. Ukifungua plagi zote ukakuta tatu ni za rangi ya udongo na moja imelowa oili, usikimbilie kulaumu ringi. Fuata kwanza mpira wa PCV uone umechomekwa wapi.

Kwenye kabureta, tumia chuchu nene iliyo chini, kwenye kitako chake. Kuna chuchu nyembamba juu ya kipepeo ambazo ni za distributa, kigawa moto wa plagi. Hazina mvuto mzunguko ukiwa wa chini, na huko ndiko PCV inakouhitaji. Wala usiweke tii kwenye mpira wa busta ya breki. Mvuke wa oili unaharibu mpira wa ndani wa busta, na mvuto ukivuja hapo breki inakuwa ngumu.

Kama manifodi haina chuchu inayofaa, kuna vibati vya kuweka kati ya throto au kabureta na manifodi vyenye chuchu tayari. Au itoboe na kuikata nyuzi, lakini ikiwa mezani, si ikiwa juu ya injini. Vumbi la aluminiamu likiingia kwenye silinda halina huruma.

Manifodi za throto moja kwa kila silinda ni habari nyingine. Hazina tumbo la pamoja, kwa hiyo hakuna mahali pa kuvutia kwa usawa isipokuwa utengeneze bomba la kukusanyia linalounganishwa kwa vitundu vidogo na makoo yote. Wanaofunga manifodi za aina hii mara nyingi huishia kwenye njia ya tatu hapa chini, na kwa haki.

Njia ya kwanza: kurudisha mfumo wa kiwandani

*Presha na mvuto.* Hii ndiyo inayofanya kazi kuliko zote kwa gari la kila siku. Chumba cha krenki kinakaa na mvuto mdogo muda mwingi, sili zinavutwa ndani badala ya kusukumwa nje, na unyevu unatolewa kabla haujaozesha oili. Kasoro yake inajitokeza kwenye kemu yenye ncha kubwa. Injini hizo hazina mvuto wa kutosha mzunguko ukiwa wa chini, na kibati cha valvu ya kawaida kinabaki kutetemeka. Zipo valvu za kurekebishwa kwa ajili hiyo.

*Hewa na hesabu.* Gari lenye sensa ya MAF, inayopima hewa kwenye bomba la kuingilia, linahesabu hewa yote inayopita mbele ya sensa. Kwa hiyo mpira wa hewa safi lazima uchukue hewa kati ya sensa na throto. Ukiuchomeka kabla ya sensa, au ukauacha wazi wenye kichujio kidogo huku valvu ya PCV ikiendelea kuvuta, injini inavuta hewa ambayo haikuhesabiwa. Mchanganyiko unakuwa mwepesi, kompyuta inaongeza mafuta kufidia, na baada ya muda taa inawaka na namba ya hitilafu P0171 (mchanganyiko mwepesi), au pamoja na P0174 kwenye injini za pande mbili. Magari ya sensa ya MAP hayana shida hiyo sana, maana hupima presha ndani ya manifodi yenyewe. Dalili yake ni mzunguko wa chini kupanda tu. Bomba jipya la hewa likiwa halina chuchu baada ya MAF, liwekee. Ni kazi ndogo, na kuiruka ndiko kunakowafikisha wengi kwenye kichujio cha juu ya tapeti kava bila kukusudia.

*Oili inaishia wapi.* Kiasi fulani kinaingia kwenye manifodi. Kwenye injini zinazomwagia mafuta nyuma ya valvu, mafuta yanaosha. Kwenye injini zinazomwaga mafuta moja kwa moja ndani ya silinda, hakuna cha kuosha, na kaboni inajenga kwenye shina la valvu. Angalia pia kizuizi cha oili chini ya valvu ya PCV, kile kibati kilicho ndani ya tapeti kava. Wanaobadilisha tapeti kava pamoja na manifodi huletewa za kupendeza zisizo na kizuizi, halafu wanashangaa injini inakunywa oili.

*Matunzo na sheria.* Badilisha valvu na mipira ikikauka, basi. Ukaguzi wa gari haukusumbui.

*Inamfaa nani.* Gari la barabarani lenye manifodi yenye chuchu ya katikati na injini iliyo nzima. Wengi wenu mko hapa, hata kama injini yenu imeongezewa nguvu kidogo.

Njia ya pili: mfumo uliofungwa wenye kopo la kunasia oili

*Presha na mvuto.* Sawa na njia ya kwanza, kwa sharti moja: kopo lisivuje. Valvu ya PCV inabaki mahali pake, kopo linakaa kati ya valvu na manifodi. Makopo mengi huuzwa na kichujio kidogo juu. Kopo la namna hiyo ukilifunga kwenye mpira wa PCV umetengeneza tundu la kuvuta hewa, na valvu haivuti tena chumba cha krenki, inavuta kichujio. Ukishika kichujio kwa kiganja injini ikiwa inaunguruma na ukahisi kinanyonya, umelijua tatizo.

*Hewa na hesabu.* Kopo lililofungwa halibadilishi hesabu yoyote. Lililo wazi linaleta zile zile P0171.

*Oili inaishia wapi.* Hapa ndipo faida ilipo. Lakini kopo tupu ndani halinasi kitu. Gesi zinaingia huku zinatoka kule na oili yake. Linalofanya kazi lina vibati au wavu wa chuma ndani, unaolazimisha matone kugonga na kudondoka, na limefungwa mahali penye baridi, mbali na ekzosi. Kumbuka pia kuwa ukikanyaga mpaka mwisho gesi hutokea ncha ya pili. Anayeendesha kwenye mashindano na kopo moja upande wa PCV tu, bado bomba lake la hewa litalowa. Anahitaji la pili kwenye mpira wa hewa safi, au kopo lenye njia za pande zote mbili.

*Matunzo na sheria.* Lazima limwagwe. Utakachokuta ndani si oili safi: ni mchanganyiko wa oili, maji na harufu ya petroli, mara nyingine wa rangi ya maziwa. Rangi hiyo kwenye kopo, hasa kwa safari fupi na hali ya baridi, ni unyevu tu. Ikiwa kwenye kijiti cha oili, hapo ndipo uulize kuhusu gasketi ya kichwa. Kwenye nchi za barafu maji hayo huganda, mpira unaziba, na presha inatafuta sili. Usirudishe kilichonaswa kwenye injini. Sheria za kubadilisha mfumo wa moshi zinatofautiana. Kopo lililofungwa kwa kawaida halileti ubishi mkubwa kama kichujio cha wazi, ila sehemu zenye ukaguzi mkali hata nyongeza hii inaweza kuhojiwa.

*Inamfaa nani.* Injini zinazomwaga mafuta ndani ya silinda, injini za turbo, na mtu anayefungua boneti mara kwa mara. Kama wewe boneti yako hufunguliwa siku ya kubadilisha oili tu, kopo litakuwa mzigo.

Njia ya tatu: kutoa gesi nje

*Presha na mvuto.* Chuchu ya manifodi imezibwa, ya bomba la hewa imezibwa, na gesi zinatoka zenyewe kwenye kichujio au kopo la wazi. Hakuna mvuto, hakuna kufagiwa. Presha inapungua ikiwa mipira ni mipana na iko mingi, lakini unyevu na tindikali vinatoka polepole. Oili inachoka mapema, kwa hiyo uibadilishe mapema. Tundu moja jembamba kwa injini yenye nguvu kubwa halitoshi.

*Hewa na hesabu.* Ajabu ni kwamba hapa njia hii ni salama, mradi chuchu zote mbili, ya manifodi na ya bomba la hewa, zimezibwa. Ukiziba moja na kuacha nyingine, umerudi kwenye uvujaji. Kwenye kabureta, hewa ya PCV ilikuwa sehemu ya mchanganyiko wa mzunguko wa chini. Ukiiondoa, mafuta yanazidi na skrubu zitahitaji kurekebishwa upya.

*Oili inaishia wapi.* Haiingii kwenye manifodi hata tone. Inaishia kwenye kichujio, juu ya injini, na ukungu wake puani mwako ukisimama kwenye taa madirisha yakiwa wazi.

*Matunzo na sheria.* Vichujio vinalowa na kuziba, vioshwe. Kwa gari la barabarani, nchi nyingi haziruhusu kutoa gesi hizi hewani, na ukaguzi unaweza kukukatalia. Kwenye mashindano ni kinyume: njia ya wazi inaruhusiwa, lakini isimwage oili njiani. Kanuni za FIA, shirikisho la kimataifa la mashindano ya magari, Kiambatisho J, zinataka kopo la kukusanyia lenye ujazo usiopungua lita 2 kwa injini zisizozidi sentimita za ujazo 2000, na lita 3 kwa zilizo juu ya hapo, tena liwe la plastiki inayopitisha mwanga au lenye dirisha la kuonea ndani.

*Inamfaa nani.* Gari la mashindano, manifodi ya throto moja kwa kila silinda, na injini ambayo oili yake hubadilishwa kabla haijapata nafasi ya kuharibika. Naiona mara nyingi kwenye magari ya kazini na ya safari ndefu, na huko sababu ya kuichagua huwa ni moja tu: chuchu haikupatikana.

Ukiwa na turbo

Manifodi ya turbo inanyonya na pia inapuliza. Presha ya turbo ikifika kwenye mpira wa PCV na valvu ikashindwa kuizuia, inaingia moja kwa moja kwenye chumba cha krenki, na zinazoharibika ni sili. Valvu nyingi za kawaida hujifunga kwa kurudishiwa presha, lakini hazikuundwa kuihimili kwa muda mrefu. Weka valvu ya njia moja iliyo imara kati ya PCV na manifodi, na mpira wa pili uupeleke kwenye bomba la kuingizia hewa kwenye turbo, baada ya MAF na kabla ya feni. Turbo ikiwa inavuta, bomba hilo lina mvuto wake mdogo unaosaidia kutoa gesi wakati zinapokuwa nyingi. Njia ya kwanza na ya pili zote zinakubali mpangilio huu.

Mipira yenyewe

Tumia mpira unaostahimili oili na mvuto. Mpira wa hita unaonekana sawa, ila ukinywa oili unavimba, unalainika, na mwisho unajibana wenyewe ndani. Upitishe bila kona kali na bila bonde, kwa sababu bondeni ndiko maji na oili vinakotuama. Usikaribie ekzosi. Kila kiungo kiwe na klipu, hata kama kinaonekana kimebana.

Kupima ulichofunga

Injini ikiwa ya moto na mzunguko wa chini, fungua mfuniko wa oili na uweke kipande cha karatasi juu ya tundu. Kwenye njia ya kwanza na ya pili karatasi itavutwa polepole na kubaki imeshika. Ikirushwa, ncha ya kuvuta imeziba au gesi ni nyingi kuliko uwezo wake. Ikivutwa kwa nguvu mpaka ishindikane kuibandua, ncha ya hewa safi imeziba na sili zinapiga mluzi. Kwenye njia ya tatu karatasi itacheza cheza kwa mapigo, na hiyo ni kawaida. Kisha bana mpira wa PCV kwa koleo: mzunguko ukishuka kidogo, valvu inafanya kazi.

Kwa hali yako

Gari la kila siku, manifodi yenye chuchu ya katikati: njia ya kwanza, na ukague tapeti kava kama ina kizuizi cha oili.

Gari la kila siku, manifodi isiyo na chuchu: kibati chenye chuchu chini ya throto, kisha njia ya kwanza. Usirukie ya tatu kwa uvivu wa kutafuta kibati.

Injini inayomwaga mafuta ndani ya silinda, au ya turbo: njia ya pili, na valvu ya njia moja kwa ya turbo. Ukijua hutalimwaga kopo, baki na ya kwanza.

Gari la barabarani wiki nzima na uwanjani mwisho wa wiki: njia ya pili yenye makopo pande zote mbili, maana ukikanyaga kwa muda mrefu ncha ya hewa safi ndiyo inayotoa.

Gari la uwanjani pekee, au throto nyingi: njia ya tatu, kopo la ujazo unaotakiwa, mipira mipana.

Injini iliyochoka, inayorusha karatasi hata baada ya mipira kuwa sawa: pima kompresheni na uvujaji wa silinda kabla hujanunua kopo lolote. Ringi zikiwa zimekwisha, njia zote tatu zitakuonyesha oili ile ile, mahali tofauti.